Maji ya Mgongo: Kwa Nini Daktari Huyaomba Mtoto Anapozidiwa

Hali hii inajulikana na kila muuguzi aliyewahi kufanya kazi katika wodi ya watoto. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameletwa usiku, mwili ni moto, amepata degedege mara mbili njiani na sasa hajitambui vizuri. Ametobolewa kidole, kipimo cha malaria kimefanywa, dripu imewekwa. Kisha daktari anasema anahitaji kuchukua maji kidogo kutoka mgongoni.

Hapo mazungumzo hubadilika. Mama anamtazama nyanya wa mtoto, nyanya anatikisa kichwa. Baba anapigiwa simu kazini Mombasa, naye anasema mtoto asidungwe mpaka yeye afike. Sababu inayotolewa ni ile ile: mtoto wa jirani alidungwa mgongoni, na kesho yake akafariki.

Huenda jambo hilo lilitokea kweli. Watoto wanaotolewa maji ya mgongo ni wale walio wagonjwa sana, na kati ya watoto wagonjwa sana wapo wanaofariki. Anayetazama kutoka nje ya wodi huona sindano kwanza na kifo baadaye, akaunganisha mambo hayo mawili. Ugonjwa uliokuwa ukila ubongo kwa siku tatu kabla ya sindano haukuonekana na mtu yeyote. Ndiyo maana wakazi wa Kilifi wanahitaji kufahamu maji hayo ni nini, yanatoka wapi, na kwa nini hakuna kipimo kingine kinachoweza kushika nafasi yake.

Tando tatu

Aliyewahi kupasua kichwa cha mbuzi anajua kwamba ubongo ni laini kuliko maini, na kwamba haulali wazi ndani ya fuvu. Umefunikwa na ngozi nyembamba ambayo lazima ichanwe kwanza. Binadamu naye ameumbwa hivyo. Ubongo wake umezungukwa na tando tatu, na tando hizo hizo hushuka ndani ya uti wa mgongo zikiifunika kamba ya neva inayopita humo.

Utando wa nje ni mgumu kama ngozi iliyokaushwa na umeshikamana na fuvu. Wa kati ni mwepesi, wenye nyuzi nyuzi, na wataalamu waliuita kwa jina la buibui kwa sababu unafanana kabisa na utando wake. Wa ndani ni laini mno na umeulalia ubongo wenyewe, ukiingia katika kila kunjo lake. Majina ya Kilatini ya utando wa nje na wa ndani, yanayotumika hadi leo katika vitabu vya udaktari, yanamaanisha “mama mgumu” na “mama mpole”. Yalitafsiriwa katika karne ya 12 kutoka vitabu vya Kiarabu, ambako tando hizo ziliitwa mama wa ubongo.

Kati ya utando wa buibui na ule wa ndani kuna nafasi iliyojaa maji, na hayo ndiyo maji anayoyatafuta daktari. Vijidudu vikifika hapo, tando huvimba na kuwaka moto. Ugonjwa huo kwa Kiswahili huitwa homa ya uti wa mgongo. Jina hilo limezoeleka, ingawa linapotosha kidogo: linamfanya mtu afikiri kwamba mfupa wa mgongo ndio unaougua, na kwamba atauona ugonjwa mgongoni. Ukweli ni kwamba ugonjwa uko kwenye vifuniko vya ubongo. Mgongo na shingo hukakamaa kwa sababu tando zilizovimba huuma zinapovutwa, ndiyo maana mgonjwa hawezi kuinamisha kidevu mpaka kifuani.

Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikakamae kabisa. Mzazi atazame utosi. Mtoto akiwa ametulia na amekaa wima, utosi uliovimba na kukaza ni dalili ya hatari. Vivyo hivyo mtoto anayekataa kunyonya, anayelia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida, au aliyelegea mno.

Utando wa nje una habari nyingine inayowahusu waendeshaji wa bodaboda na abiria wao. Mtu akigonga kichwa, mshipa wa damu unaweza kupasuka kati ya fuvu na utando huo. Anaweza kuzimia kidogo, akaamka, akazungumza na hata kwenda nyumbani, huku damu ikiendelea kujikusanya na kuukandamiza ubongo. Saa chache baadaye anaanza kutapika, anasinzia, na haamki. Aliyezimia baada ya ajali, hata kwa dakika moja, hapaswi kuachwa alale nyumbani ati kwa sababu sasa anaongea vizuri.

Vyumba vinne

Ndani kabisa ya ubongo kuna vyumba vinne vilivyounganishwa kwa njia nyembamba. Viwili vya juu vina ukubwa unaolingana, kimoja kila upande; cha tatu kiko katikati; cha nne kiko chini, karibu na kisogo. Ndani ya vyumba hivyo kuna mashada ya mishipa midogo ya damu ambayo kazi yake ni kutengeneza maji kutokana na damu, usiku na mchana. Maji hayo hutiririka kutoka chumba hadi chumba, hutoka kupitia matundu ya chumba cha nne, huuzunguka ubongo wote na kushuka mgongoni, kisha hunywewa na kurudi katika damu kupitia mishipa mikubwa iliyo juu ya ubongo.

Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, yaani nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Lakini mwili wake hutengeneza karibu nusu lita kwa siku. Kwa hiyo maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kabla ya jua kuchomoza tena. Hofu kwamba mtoto “atamalizwa maji ya mgongo” inakoma hapo. Daktari huchukua mililita chache tu, matone yanayofunika sakafu ya vichupa viwili au vitatu, na mwili huyarudisha kwa muda mfupi.

Kazi ya kwanza ya maji hayo ni kuubeba ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, lakini ukiwa unaelea ndani ya maji yake, uzito unaobaki kulemea sakafu ya fuvu ni gramu 50 tu au hata pungufu. Bila maji hayo ungejikandamiza wenyewe, na kila kuruka kwa gari kwenye barabara mbovu kungeutikisa.

Njia kati ya vyumba zikiziba, maji huendelea kutengenezwa lakini hayana pa kwenda. Kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya fuvu haijaungana, kichwa hupanuka. Wapo wanaosema mtoto kama huyo amerogwa, au kwamba mama alikiuka mwiko. Hospitali ya CURE iliyoko Mbale, mashariki mwa Uganda, iliwachunguza watoto wa aina hii, na matokeo yaliyochapishwa na daktari Benjamin Warf mwaka 2005 yalionyesha kwamba kwa zaidi ya nusu yao chanzo kilikuwa maambukizi, mengi yakiwa yametokea mtoto akiwa bado na umri wa wiki chache. Homa iliyopuuzwa ilikuwa imeacha makovu katika njia za maji. Watoto hao hutibiwa kwa upasuaji: ama kwa kuwekewa mpira mwembamba unaopeleka maji tumboni, ama kwa kutobolewa tundu dogo katika sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia nyingine. Mzazi anayeona kichwa cha mtoto kikikua haraka kuliko mwili, au macho yakielekea chini kila wakati, ampeleke kliniki mwezi huo huo. Asingoje kichwa kiwe kizito, kwa maana ubongo uliokandamizwa kwa muda mrefu haurudi wote.

Ukuta usioonekana

Mwaka 1885 mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich aliandika jambo lililomshangaza. Aliwadunga wanyama rangi katika damu, na viungo vyao vyote vikachukua rangi hiyo, isipokuwa ubongo. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alifanya kinyume: aliitia rangi katika maji yanayozunguka ubongo. Safari hii ubongo ukabadilika rangi na mwili uliobaki haukubadilika. Ikaeleweka kwamba kati ya damu na ubongo kuna kizuizi.

Kizuizi hicho kimo katika kuta za mishipa midogo ya damu. Mahali pengine mwilini chembechembe zinazojenga kuta za mishipa huacha mianya ya kupitisha vitu. Katika ubongo zimebanana kama mawe ya ukuta uliopakwa saruji pande zote. Hewa ya oksijeni hupita. Sukari hupitishwa kwa milango maalumu. Pombe hupita bila kubisha hodi, jambo ambalo mnywaji wa mnazi analijua bila kusoma sayansi. Lakini sumu nyingi, vijidudu vingi na dawa nyingi huishia nje.

Huo ni ulinzi mzuri siku ya kawaida. Siku ya ugonjwa una gharama yake. Askari wa mwili walio katika damu huchelewa kuingia, na bakteria wakishajipenyeza katika maji ya ubongo hukuta mahali penye sukari na pasipo na ulinzi mwingi, wakazaana haraka. Dawa nazo zinakwama. Vidonge au sharubati za antibiotiki zilizonunuliwa dukani zinaweza kushusha homa kidogo, lakini kiasi kinachovuka ukuta huo ni kidogo mno kuua bakteria walio upande wa pili. Ndiyo sababu homa ya uti wa mgongo hutibiwa kwa sindano ya mshipa, kwa dozi kubwa, wiki moja hadi mbili, na zaidi kwa watoto wachanga.

Dozi hiyo haifai kukatwa katikati. Tando zikiwa zimevimba, ukuta hulegea na dawa hupita kwa urahisi zaidi. Mtoto akianza kupona, ukuta nao huanza kujifunga, na dawa inayofika ndani hupungua. Mzazi anayeomba ruhusa ya kuondoka siku ya nne kwa sababu mtoto amecheka na kula uji, anamwondoa wakati ambao bakteria waliosalia ni vigumu zaidi kufikiwa.

Malaria au homa ya uti wa mgongo?

Katika kaunti hii swali hilo si la kitabuni. Degedege lina majina yake hapa Pwani, na wazee wengi bado huliita nyuni na kutafuta tiba ya nyuni kwanza. Wengine huona degedege na kusema moja kwa moja kuwa ni malaria. Mara nyingi hawakosei. Malaria kali huweza kumfanya mtoto apoteze fahamu na kukakamaa.

Lakini malaria hiyo hufanya kazi yake bila kuvuka ukuta. Vimelea hubaki ndani ya mishipa midogo ya ubongo na kuiziba, na maji ya mgongo kwa kawaida hubaki meupe. Bakteria wa homa ya uti wa mgongo wao wako ndani ya maji yenyewe. Kwa macho, watoto hawa wawili hulala vitandani wakiwa sawa kabisa: homa, degedege, kupoteza fahamu. Kipimo cha damu nacho hakimalizi ubishi, kwa sababu katika sehemu yenye malaria mtoto anaweza kuwa na vimelea katika damu na wakati huo huo akawa na bakteria katika maji ya ubongo. Akitibiwa malaria peke yake, atakufa na kipimo kinachosema ana malaria kikiwa mkononi.

Tatizo hili lilichunguzwa hapa hapa Kilifi, na watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walio katika hospitali ya kaunti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walitafuta dalili zinazoweza kumwongoza mhudumu kumjua mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo. Walipata kadhaa: utosi uliovimba, shingo iliyokakamaa, midomo kugeuka buluu, fahamu kupungua, degedege la upande mmoja wa mwili, na degedege kwa mtoto ambaye umri wake si ule wa degedege la kawaida la homa. Mtoto mwenye mojawapo ya dalili hizo anahitaji kuangaliwa maji ya mgongo.

Maji hayo yenyewe husema mengi. Ya mtu mzima wa afya huwa safi kama maji ya chemchemi. Yakitoka yenye ukungu kama maji ya kuoshea mchele, daktari hana haja ya kungoja maabara ili aanze dawa. Maabara huhesabu chembechembe za damu nyeupe, hupima sukari, ambayo bakteria huila hadi ikapungua, na hupandikiza maji hayo ili kumjua kijidudu kwa jina na kujua dawa inayomuua. Mtoto aliyepewa nusu dozi ya antibiotiki ya dukani kabla ya kuja mara nyingi huharibu kipimo hiki: bakteria hawaoti, ingawa ugonjwa upo. Mzazi amwambie daktari kila dawa iliyotumika, hata kama anaona aibu.

Sindano inaingia wapi

Njia hii si ngeni. Daktari Heinrich Quincke aliifanya huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1891, na tangu hapo imetumika duniani kote.

Hofu kubwa ni kupooza. Kamba ya neva haifiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kwa mtoto mchanga hushuka kidogo zaidi. Chini ya hapo kuna mfuko wa maji, na ndani yake zinaelea nyuzi za neva kama mkia wa farasi. Daktari huingiza sindano chini ya mwisho wa kamba, na nyuzi zinazoelea husogea pembeni. Mtoto hulazwa ubavu, akakunjwa kama alivyokuwa tumboni mwa mamake, ili pingili zifunguke. Muuguzi humshika kwa nguvu, na hilo huwaumiza wazazi kulitazama, lakini mtoto akitulia kazi huisha kwa dakika chache. Baadhi ya watu wazima huumwa kichwa siku moja au mbili baadaye.

Zipo nyakati ambapo daktari mwenyewe huahirisha: mgonjwa anapopumua kwa shida, damu yake isipoganda vizuri, pakiwa na kidonda mahali pa kudunga, au dalili zikionyesha kwamba shinikizo ndani ya fuvu limepanda mno. Katika hali hizo dawa huanzishwa kwanza. Mzazi ana haki ya kuuliza kama lolote kati ya hayo linamhusu mtoto wake, na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kabla ya kutoa idhini.

Kwa watu wazima, hasa wanaoishi na virusi vya ukimwi ambao kinga yao imeshuka, kuna homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu. Huanza polepole kwa kuumwa kichwa kwa wiki kadhaa, hivyo wengi humeza dawa za maumivu na kuendelea na kazi. Kwao sindano ya mgongo ni kipimo na pia ni tiba. Kuvu huziba njia za kunywewa kwa maji, shinikizo hupanda, na kutolewa maji kila siku kunaweza kuokoa macho na uhai.

Kabla ya kufika huko

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wanaopata homa ya uti wa mgongo ya bakteria hufariki, na 1 kati ya 5 hubaki na madhara makubwa. Kupoteza usikivu ni miongoni mwa madhara ya kawaida, nako hujificha. Mtoto aliyepona ambaye haitiki anapoitwa huonekana mtundu, hupigwa shuleni, kumbe hasikii. Apimwe masikio kabla ya kuruhusiwa nyumbani au wiki chache baadaye.

Chanjo imebadilisha hesabu hii kwa kiasi ambacho wazazi vijana hawajakiona kwa macho. Kenya ilianza kutoa chanjo dhidi ya bakteria aitwaye Hib mwaka 2001. Kilifi, ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka 5 ulishuka kwa asilimia 88 katika miaka michache iliyofuata. Chanjo ya nimokoka ilikuja mwaka 2011, na magonjwa makali yanayoletwa na aina za bakteria zilizomo katika chanjo hiyo yakapungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa umri huo huo. Zote mbili hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu mkononi, hutolewa anapozaliwa na humkinga dhidi ya kifua kikuu kinachoshambulia tando za ubongo.

Aliyekosa dozi moja anaweza kuipata hata kama tarehe imepita. Apeleke kijitabu cha kliniki katika zahanati iliyo karibu. Na kwa anayetoka Bamba au Marafa na mtoto mwenye degedege usiku, zahanati ya kwanza anayoikuta inaweza kuanza matibabu ya awali kabla ya kumpeleka mbele. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mtu mmoja akumbuke saa degedege lilipoanza. Daktari atauliza.